Nilivyoupeleka Wimbo wa Laurel Buffalo

Wanakwaya wenzangu, tangu nirudi kila mmoja wenu ananishika mkono mlangoni mwa kanisa na kuniuliza kwa nini nilikosa mazoezi, na kama ni kweli nilikwenda mpaka Buffalo na mzee wa kizungu mwenye fidla kuimba nyimbo za milimani kwao. Ni kweli. Nimechoka kusimulia vipande vipande pale kwenye ngazi, huyu akipata mwanzo na yule akipata mwisho. Leo ni siku yangu ya kupumzika, nimeketi na chai yangu, naandika yote. Habari za kuomba ruhusa kazini naziruka, hazina utamu.

Louisville: chumba cha Bibi Opal

Mnajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, si mbali na bustani ya Iroquois. Nilipoanza, miaka mitatu iliyopita, nilipewa kumhudumia Bibi Opal, mwanamke mwembamba aliyezaliwa kwenye milima ya mashariki ya Kentucky, huko kwenye makaa ya mawe. Kiingereza changu kilikuwa bado kile cha kambi ya wakimbizi Kigoma, cha kujibu maswali ya watu wenye mafaili. Bibi Opal alichukia kuogeshwa. Alikubali kwa sharti moja tu, kwamba aimbe mpaka maji yaishe.

Aliimba kwa sauti nyembamba iliyonyooka kama uzi, ikipitia puani kidogo, bila kuitetemesha wala kuipamba. Siku ya kwanza nilisimama na sabuni mkononi. Kule kwetu, juu ya Uvira, wanawake walikuwa wakiitana hivyo hivyo kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine. Sikuelewa neno hata moja, lakini sauti niliijua.

Kila Jumapili mchana alikuja Mzee Dale, mtoto wa marehemu dada yake. Kwa hesabu yetu Bibi Opal ni mama yake mkubwa. Dale ni seremala mstaafu mwenye mikono mikubwa kama makasia, na ukimwona huwezi kudhani anaweza kushika kitu chembamba kama fidla. Haiweki chini ya kidevu kama wale wa kwenye runinga. Anaiegemeza kifuani na kukwaruza nyuzi mbili kwa pamoja, moja inalia na ya pili inanguruma chini yake bila kukoma. Bibi Opal akiimba, fidla inamfuata nyuma kama mtu anayemsindikiza mgeni. Mimi, kwa mazoea yetu ya kwaya, nikajaribu kuingia na sauti ya pili. Bibi Opal akanyamaza, akaniambia nyimbo hizi huimbwa na mtu mmoja, na kama nataka kuimba basi niimbe zote mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, bafuni siku za kazi na kwenye kiti cha dirishani siku za Jumapili.

Wimbo mkubwa kuliko zote ulikuwa wa mama yake mzazi. Ulikuwa na beti kumi, kila ubeti ukianza kwa kumuaga Laurel. Baada ya ubeti wa kumi Bibi Opal alikuwa akisema "basi" na kuomba maji ya kunywa.

Mwezi wa sita alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na ulimi pia. Anasikia kila kitu, anakufuata kwa macho, lakini kwa miezi mitano hakutoa neno. Dale aliendelea kuja na kupiga, mimi nikaimba badala yake.

Ndipo Novemba ikaja simu kutoka Buffalo. Mdogo wake Bibi Opal, Bibi Wanda, alikuwa anatimiza miaka tisini. Aliondoka milimani akiwa na miaka kumi na tisa kwenda kufanya kazi kiwandani kule kaskazini, na hawa dada wawili hawakuwa wamesemezana kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa nini, Dale hakujua vizuri. Alijua ni jambo la siku ya mazishi ya mama yao. Sasa Bibi Wanda alimwambia Dale hataki keki wala maua. Anataka kusikia wimbo wa mama yake mzima kabla hajafa, kwa sababu yeye amebaki na vipande tu.

Dale ana mkono lakini hana sauti. Akifungua mdomo kuimba hata mbwa wake hutoka nje. Tena ana mtoto wa jicho, haruhusiwi kuendesha gari barabara kuu. Alinifuata kwenye korido akiwa ameshika kofia yake.

"Wimbo wote umebaki kwako peke yako," akaniambia. "Ukikataa, umekwisha."

Niliogopa, siwafichi. Niliogopa barabara, kwa maana sijawahi kuendesha zaidi ya saa moja kutoka hapa. Zaidi niliogopa yule bibi. Mtu wa miaka tisini afungue mlango, amkute mama Mkongo amesimama na wimbo wa mama yake mdomoni, atasema nini? Mume wangu alisema niende, ila gari lirudi zima.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumwambia Bibi Opal. Nilimwambia tunakwenda kwa Wanda, nitamwimbia wimbo. Aligeuza uso akautazama ukuta. Nilisubiri, hakunigeukia. Sikujua kama ile ilikuwa hasira au kilio.

Kuvuka mto mara tatu

Tuliondoka Ijumaa asubuhi na gari langu la viti saba, fidla ikiwa imefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma kama mtoto. Dale alikuwa ameniahidi kifungua kinywa cha kwao, biskuti na mchuzi. Nikafikiri, haya, biskuti za chai, nitazichovya kwenye mchuzi wa nyama. Tuliposimama kwenye mgahawa kando ya barabara, nililetewa mikate miwili minene, laini, imefunikwa uji mweupe wenye pilipili manga na vipande vya soseji. Nilimuuliza mhudumu kwa upole mchuzi uko wapi. Akanionyesha kwa kidole. Nikamuuliza biskuti ziko wapi. Akanionyesha tena kwa kidole kilekile. Nilikula zote na kulamba uma.

Mhudumu alitaka kujua mimi na Dale tunahusianaje. Dale, bila kuinua macho kwenye sahani, akamwambia mimi ndiye mwimbaji na yeye ni mpigaji wangu. Yule dada alinitazama kwa heshima mpya na kutuongezea kahawa.

Njiani Dale ndiye aliyekuwa kiongozi wa njia. Alikataza tusiwashe ramani ya simu, kwa sababu barabara hii ameipita tangu ujana. Tatizo ni kwamba haoni vibao, na barabara ya ujana wake haipo tena. Tulipofika Cincinnati tulivuka daraja la mto Ohio. Akasema tushike kulia. Tukashika kulia, na baada ya dakika chache tukawa tunavuka mto tena, tukirudi Kentucky. Nikageuza. Tukavuka mara ya tatu. Nikawasha simu bila kuomba ruhusa, na Dale akatazama nje kwa muda mrefu, akasema mto huu ni mzuri, si vibaya kuuona mara tatu.

Kutoka hapo tukafanya mazoezi. Mimi naendesha na kuimba, yeye anapiga huku kiwiko chake kinagonga dirisha. Alinifundisha kusubiri. Kwaya yetu inakimbia, mnajua, tunapenda kufika kwenye pambio. Dale alisema kwenye wimbo huu hakuna pambio, na mwimbaji akishamaliza mstari aiache fidla imalizie pumzi yake ndipo aendelee. Nilipojaribu, nikaona kweli maneno yanapata mahali pa kukaa.

Columbus: kwa Espoir

Mdogo wangu Espoir anasomea udongo kwenye chuo kikuu cha Columbus na amepanga karibu na chuo na Mkenya mmoja, Mwangi. Tulipofika, Mwangi alitufungulia mlango akiwa na uso wa mtu aliyejiandaa kukutana na jambo. Alinipokea mkoba, akamwangalia Dale, akaniangalia tena mimi. Wakati wa chakula ndipo alipofunguka. Wiki nzima alikuwa akimsikia Espoir akisema kwenye simu kwamba yaya wake anakuja kutoka Louisville. Kwao Kenya yaya ni mlezi wa watoto, hata Tanzania ni hivyo. Kwetu Kivu ni dada au kaka mkubwa.

"Mimi nikadhani, huyu jamaa ni mtu mzima, anafanya masters, na bado ako na yaya," akasema. "Nikasema labda ni ile ugonjwa hataki kuniambia."

Tulicheka mpaka Dale akataka aelezwe, na kumweleza kulichukua muda kwa sababu ilibidi tupitie nchi tatu. Espoir alikuwa amepika fufu, yaani ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na dagaa tunaowaita ndakala. Dale alikula kwa mkono akituiga. Alisema sombe inamkumbusha majani ambayo mama yake alikuwa akichemsha na mafuta ya nguruwe, na akaongezewa mara mbili.

Lakini Espoir hakuwa mchangamfu kama siku zote. Tukiwa tunaosha vyombo akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Yaya, bon, unaendesha siku mbili juu ya nyimbo za hawa batu. Za kwetu zilishaisha?"

Swali lilinichoma. Nikamuuliza, za mama anakumbuka ngapi? Akafikiri, akasema mbili. Nikahesabu zangu, nikapata tano, na hakuna hata moja ninayoijua mpaka mwisho. Mama alifia kambini na hakuna kati yetu aliyekuwa amekaa naye akazishika. Tulikuwa tunafikiri ataziimba kesho. Nikamwambia Espoir hiyo ndiyo sababu ninakwenda. Aliendelea kukausha sahani moja hata ilipokuwa imekauka.

Tuliporudi mezani akaniomba nimwimbie huo wimbo wa Laurel na kumfasiria, maana Kiingereza cha zamani cha milimani hakukielewa. Nikamfasiria jinsi nilivyouelewa mimi. Ni wimbo wa mwanamume anayemwacha mchumba wake. Kwaheri Laurel, mikono yako ni baridi. Kwaheri Laurel, nywele zako ndefu zinapita kati ya mawe. Nikamwambia mimi naamini msichana huyo alikwisha kufa, maskini, maana nywele zake zilikuwa kwenye mawe, na kila nikifika hapo machozi hunilengalenga.

Espoir akatafsiri kwa Dale maelezo yangu. Dale aliweka kikombe chini polepole. Kumbe Laurel si msichana. Ni kijito. Ni kijito kidogo kilichopita nyuma ya nyumba waliyozaliwa hao dada, na wimbo unamhusu mtu anayehama kwao. Miaka mitatu nimemlilia msichana ambaye ni maji.

Waliponimaliza kwa kicheko, niliwaza peke yangu juu ya kile kijito. Kisha Dale akamwomba Espoir wimbo wa kwetu. Espoir hajaimba tangu tulipokuwa kambini, alisema hajui. Dale alishika tu fidla na kungoja, kama kawaida yake. Espoir akaanza ule ambao mama alikuwa akiimba anapotwanga mihogo, ubeti mmoja na nusu, na palipokatika mimi nikaongeza mstari aliokuwa ameusahau. Dale aliupata kwenye nyuzi mara ya tatu. Mwangi alipiga meza badala ya mchi.

Theluji ya ziwa

Sherehe ya Bibi Wanda ilikuwa Jumamosi saa nane mchana. Tuliondoka Columbus alfajiri, tuna saa za kutosha, jua zuri. Tulipita Cleveland tukiwa tumevua makoti. Ziwa likawa upande wetu wa kushoto, na hapo mbele, karibu na Erie, nikaona kitu kama ukuta wa kijivu umesimama barabarani. Nilidhani ni moshi wa kiwanda.

Ndugu zangu, ilikuwa theluji. Tuliingia ndani yake kama mtu anavyoingia chumbani. Nyuma yangu kwenye kioo bado niliona jua. Mbele sikuona taa za gari lililonitangulia. Nilishika usukani, nikaanza kuomba kwa Kibembe, lugha ya mama yangu, ambayo huwa siitumii ila mambo yakiwa magumu. Polisi walikuwa wamefunga barabara na kutuelekeza wote kwenye kituo kikubwa cha mafuta ambako malori hupumzika.

Tulikaa hapo tangu saa nne asubuhi. Nilimpigia simu Carol, binti yake Bibi Wanda, nikamweleza, kisha nikampigia mume wangu. Nilipokata nikasikia mtu nyuma yangu ananisalimia, "Shikamoo mama, wewe ni wa Kigoma?" Alikuwa dereva wa lori, Mrundi aitwaye Deo, aliyekulia Kigoma kama mimi. Kiswahili changu kilimfikia katikati ya watu mia. Alikwenda kwenye lori lake akarudi na chapati na maharagwe aliyopasha moto, akatugawia kama vile tulikuwa tumepanga kukutana.

Deo ndiye aliyenieleza tabia ya ile theluji. Inatoka ziwani, inanyesha kwenye ukanda mwembamba tu. Hapa unazikwa, na mwendo wa nusu saa mbele watu wanafua nguo. Alisema ukimwelezea bosi aliye mahali pengine kwamba umekwama, hatakuamini, maana yeye akichungulia dirishani anaona anga la bluu.

Watu walianza kuchoka na kununa. Dale akatoa fidla. Alipiga nyimbo za kuchezea, zile za mbio, na madereva wawili wakaanza kugonga buti zao sakafuni. Nikaimba zile nyepesi za Bibi Opal, ya kuku aliyeingia kanisani na ya mjane aliyekataa wachumba saba. Mama mmoja mwenye kofia ya manyoya alinikumbatia, akaniuliza mlima gani nimetoka. Nikamwambia wangu ni mrefu kidogo kuliko wao. Wimbo wa Laurel sikuugusa, nilikuwa nimeutunza.

Saa nane ikapita. Saa tisa, Carol akapiga. Wageni wameanza kuaga. Mama yake amekaa dirishani na gauni lake la bluu, hataki kukata keki. Saa kumi na moja akapiga tena, kwa sauti ya chini. Bibi Wanda ameomba avuliwe gauni. Amesema amezoea kungojea watu wa kwao.

Dale alisikia hayo, akaifunga fidla kwenye sanduku lake. Alisema wimbo ulikuwa wa sherehe na sherehe imekwisha. Afadhali njia ikifunguka tugeuze, tusiende kumwongezea uchungu. Sijawahi kumkaripia mtu mzima kama yeye, lakini siku ile nilimkaripia. Nilimwambia sikuvuka mto mara tatu nije kuwaimbia madereva wa malori. Kesho asubuhi tunakwenda, na kama Bibi Wanda atatufukuza, atufukuze baada ya ubeti wa kumi.

Tukapata vyumba vya kulala hapo jirani, na Deo akatusindikiza mpaka mlangoni akituangazia kwa tochi ya simu.

Cheektowaga: jikoni kwa Bibi Wanda

Jumapili njia ilikuwa imefagiliwa. Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, ni mitaa ya nyumba zinazofanana, karibu na uwanja wa ndege, na siku ile zote zilikuwa na kofia nyeupe. Carol alitufungulia mlango wa nyuma, akatuingiza jikoni.

Bibi Wanda alikuwa mezani na koti la nyumbani, mdogo wa mwili, macho yaleyale ya Bibi Opal. Nilishtuka jinsi yalivyofanana. Hakumpa Dale mkono.

"Mmechelewa siku nzima," akasema.

Dale akamwambia ni theluji, pale Erie, barabara ilifungwa. Nilimwona bibi akibadilika. Alitazama mikono yake, kisha akamtazama Dale kana kwamba anatafuta kama anadhihakiwa. Halafu akanigeukia mimi.

"Ni huyu?"

Dale akasema ni huyu. Hakuniuliza jina, hakuniuliza nimetoka wapi. Alisema tu, "Basi imba."

Nilisimama karibu na jokofu. Dale aliketi kwenye kiti cha Carol, akaegemeza fidla kifuani. Nikaimba nikiwa najua sasa ni kijito. Niliona yale mawe. Niliona pia maji ya kwetu, tulipoyavuka na mama akiwa na sufuria kichwani, na sikujizuia, niliacha yote mawili yapite. Ubeti wa tatu bibi akaweka kikombe chini. Ubeti wa sita alifumba macho, na midomo yake ikawa inanitangulia kwa neno moja moja. Nilipomaliza wa kumi nikainamisha kichwa.

"Endelea," akasema.

Nikamwambia umekwisha, ni beti kumi.

"Nani kakwambia ni kumi?"

"Bibi Opal. Alikuwa akiishia hapo."

Carol akamsogelea. Kisha bibi akatueleza, na hata Dale alikuwa hajawahi kusikia. Wimbo una beti kumi na moja. Kumi ni za anayeondoka. Wa mwisho ni wa anayebaki, ndiye anayejibu. Mama yao alikuwa akimpa Opal aimbe huo, kwa kuwa ni mkubwa na alijulikana kuwa ndiye atakayebaki nyumbani. Unasema, nenda, sitafunga mlango. Mvua ije, usiku uje, sitafunga mlango.

Mama yao alipofariki, Bibi Wanda aliondoka Buffalo siku ileile. Theluji ya ziwa ikamshika njiani, akafika milimani siku moja baada ya mazishi. Kule kulikuwa na jua. Tangu wiki ile ianze kulikuwa na jua. Opal alimwambia mbele ya watu wote kwamba hakuna theluji, na mtu anayetaka kufika hufika. Wanda akarudi kwenye gari lake bila kuvua kofia.

"Hakuwa mwongo," akasema. "Kwake kulikuwa na jua."

Nilisikia maneno ya Deo kichwani. Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake bila kukaribishwa.

"Bibi, hiyo theluji mimi nimeiona kwa macho yangu. Nitamwambia."

"Na wewe atakuamini?"

"Mimi ndiye ninayemwogesha. Ananiamini."

Alifunga vifungo vya koti lake. Kisha akamwita Carol, akamwambia amletee begi lake la safari na viatu vizito. Carol alidhani hakusikia vizuri. Akaanza kuhesabu sababu, moyo, dawa, umri, baridi. Bibi Wanda alimwacha amalize zote, akasema dawa ziko kwenye kabati la bafuni, azipange kwa siku. Tulikula keki ya jana tukisubiri afungashe.

Kurudi

Bibi Wanda aliketi mbele, Dale akahamia nyuma na fidla yake. Bibi njia haijui lakini makosa yangu ya uendeshaji aliyajua yote. Tulipofika Columbus jioni, Mwangi alimpa chumba chake, na Espoir akamwita "koko", yaani bibi kwa lugha ya kwetu. Alikula wali, sombe akaikataa kabisa. Espoir alikuwa amekumbuka ubeti mwingine wa mama, ameuandika kwenye daftari la udongo.

Jumatatu mchana tulifika Louisville. Nilimwomba Bibi Wanda angoje koridoni na Dale, nikaingia kwanza.

Bibi Opal alikuwa amelala akiutazama ukuta, kana kwamba hakugeuka tangu tulipoagana. Nilizunguka kitanda nikapiga magoti mahali macho yake yalipokuwa. Nikamweleza. Jinsi jua lilivyokuwa nyuma yangu na ukuta mbele. Jinsi barabara ilivyofungwa, tukachelewa siku nzima, na mbele kidogo watu walikuwa hawana habari. Nikamwambia, "Bibi, ile theluji ipo. Alikuwa anakuja." Alifumba macho, na chozi likateremka kwenye upande ule unaofanya kazi.

Nikawaita. Bibi Wanda aliingia akasimama miguuni pa kitanda na koti lake. Nilimsogezea kiti, akakikataa kwa mkono. Dale, ambaye hajui kufanya kitu kingine watu wakinyamaza, akaanza kupiga, nami nikaimba beti zote kumi. Nilipofika mwisho nikamtazama Bibi Wanda aendelee. Akatikisa kichwa.

"Si wangu huo," akasema.

Basi fidla ikabaki peke yake. Dale aliuzungusha ule muziki wa ubeti mzima, akaurudia, polepole zaidi. Muuguzi wetu ameniambia baadaye kwamba baada ya kiharusi wimbo huweza kupita mahali maneno yalipozibwa, lakini wakati ule sikujua. Mara ya tatu nikasikia sauti, nikadhani ni uzi wa fidla. Ilikuwa Bibi Opal. Mwanzoni haikuwa na maneno, ilikuwa sauti tu, nyembamba, imenyooka, ikitafuta njia. Midomo ilijipinda, ikashindwa, ikajaribu tena. Halafu mwishoni mwa mstari, wazi kabisa, sote watatu tukasikia.

"Mlango."

Bibi Wanda akavuta kiti, akaketi.